Alama ya Kidole kwenye Kioo

Editha mwanangu,

Salamu tumeshapeana mezani, na hali yako naijua kwa sababu umemaliza ugali wako ukaumega na wangu. Kwa hiyo sina pa kuanzia pale barua za watu zinapoanzia. Naandika hapa kwenye meza yangu ya kazi, katikati ya saa za wateja ambazo kila moja ina wakati wake, na wewe uko chumbani unapanga nguo na mama yako. Namsikia: chemsha maji, usivae nguo mbichi, namba za simu ziandike na kwenye karatasi. Hayo namwachia yeye. Anayajua kuliko mimi, na kesho atayarudia mpaka basi lianze kutembea.

Mimi nina mambo mawili. La kwanza ni lile sanduku la mbao lililo karibu na mlango, ambalo leo kutwa umelizunguka kama mtu anayempita mbwa aliyelala. Ndani yake mna darubini, na nataka uende nayo Mwanza. La pili ni kioo cha zamani cha darubini hiyohiyo, kile kilichoharibika ukiwa na miaka tisa. Kuhusu kioo kile nilikudanganya. Uongo ulikuwa wangu, lakini aliyeubeba miaka yote hii ni wewe, na sitaki upande nao basi kesho.

Unanijua, siwezi kwenda kwenye jambo moja kwa moja. Acha nianze na ujinga wangu mdogo, ndipo nifike kwenye mkubwa.

Kabla hujazaliwa, nilipokuwa bado fundi wa saa kule Kibondo, niliona boksi dukani kwa Mzee Salum, yule aliyekuwa na ndugu Tanga na akili ya kuuza hata kivuli. Juu ya boksi kulikuwa na picha ya Zohali yenye pete za rangi saba, na maandishi makubwa kwamba chombo hiki kinakuza mara mia tano.

"Mzee Salum, hii inaona kweli?"

"Fundi, hii ukimwelekezea mtu wa Burundi, unasoma gazeti lake."

"Na nyota?"

"Nyota utazichoka mwenyewe."

Hapo alisema kweli. Nilizichoka kwa wiki moja. Lenzi yake ya mbele ilikuwa na upana wa kizibo cha soda, na miguu yake mitatu ilikuwa myembamba kiasi kwamba nikipumua tu, mwezi unaruka kama panzi. Kila nilipokuza zaidi, niliona giza zaidi, tena giza linalotikisika. Hakukuwa na mtu wa kuniambia kwamba ile namba ya kwenye boksi ndiyo kitu cha kwanza cha kupuuza. Darubini haipewi kazi ya kukuza. Kazi yake ni kukusanya mwanga, na mwanga unakusanywa kwa upana wa kioo, kama beseni lililowekwa chini ya bati linavyopata maji mengi kuliko kikombe kwenye mvua ileile. Ukiwa na mwanga kidogo, kuukuza ni sawa na kumega kipande kimoja cha muhogo kwa wageni kumi.

Lakini sikuandika ili nikusimulie habari za lenzi. Nataka uone nilichofanya baada ya hapo. Mama yako alikuwa ameniambia nisinunue, mbele ya watu. Basi kwa miezi kadhaa nilitoka nje kila jioni na lile bomba, nikarudi ndani najifuta macho, nasema, "Leo Zohali ilikuwa safi kabisa." Nilichokuwa nimekiona vizuri ni taa ya kanisa. Mtu anayeitwa fundi na watu wote hupata ugonjwa fulani, mwanangu: anaona aibu kuharibu kuliko anavyoona aibu kudanganya. Nilikuwa nao tayari wakati ule. Niliudhani ni utani.

Kisha tukahamia huku Heru Juu, na kambi ya Mtabila ikafungwa. Wewe ulikuwa mdogo, lakini nadhani unakumbuka jinsi soko la Kasulu lilivyojaa vitu vya kambini: maturubai, ndoo, magodoro, masufuria makubwa ya kupikia watu mia. Kijana mmoja alikuwa amelaza chini bomba nene, fupi, jeusi.

"Hili la nini?" nikamuuliza.

"Dohani hili, mzee. La jiko la wazungu."

Nikachungulia ndani, na kutoka chini kabisa jicho langu mwenyewe likaniangalia, kubwa kama sahani. Nikamwambia dohani lake limeziba, akanipunguzia. Sijivunii. Najivunia kidogo.

Ilikuwa darubini ya kioo, yenye upana wa inchi nne na nusu, iliyoachwa na mtu wa misaada aliyerudi kwao. Stendi yake ilikuwa imevunjika, nami nilikuwa nimeshajifunza kwa Mzee Salum kwamba kioo kizuri juu ya miguu mibovu ni kioo kibovu. Nikaenda kwa seremala, nikamchorea kitako cha mninga kinachozunguka, chenye mikono miwili ya kushikilia bomba. Ni kilekile kilichomo sandukuni. Akaniuliza ni kwa ajili ya mzinga wa nyuki au wa vita.

Ilikuwa mwezi wa sita, mvua zimekwisha na moshi wa mashamba haujaanza. Saa mbili usiku nikaielekeza kusini, kwenye ile nyota yenye ukungu ambayo si nyota moja. Nikachungulia nikaona doa, basi. Nikakuinua wewe. Ukachungulia, ukasema:

"Baba, nani kamwaga unga?"

"Unga gani?"

"Wa muhogo. Umemwagika, punje, punje."

Nikarudi kutazama. Doa. Ukaanza kunisimanga, "Baba unaangalia hapohapo! Angalia pembeni, utauona wenyewe unakuja." Nikaangalia pembeni kidogo, na mwanangu, zile nyota zikaja. Maelfu yake, punje juu ya punje, hata katikati hazihesabiki. Miaka baadaye nilisoma kwenye simu kwamba watazamaji wazoefu hufanya hivyohivyo, kwamba pembeni ya jicho kunanasa mwanga hafifu vizuri zaidi kuliko katikati. Wewe hukusoma popote. Ulikuwa na miaka minane na kamasi.

Mwaka ule tulikuwa watu wawili tusiosikia baridi. Ulikuja na blanketi, ukapaka tochi rangi ya kucha ya mama yako ili mwanga uwe mwekundu usiharibu macho yetu, ukapigwa kwa ajili ya ile rangi, na mimi sikusema kwamba ndimi niliyekutuma. Naona sasa kwamba hata hapo nilikuwa nafanya mazoezi.

Sasa nafika.

Siku moja alasiri niliifungua darubini kukuonyesha kioo kikuu kinavyokaa chini ya bomba. Ulisogea, ukaweka kidole gumba pembeni yake. Si kwa utundu. Ulitaka kujua kama ni cha baridi. Alama ikabaki, mistari yake yote, safi kama muhuri. Nikakwambia, "Eh mama, hiki hakiguswi," nawe ukaomba radhi, yakaisha. Jioni ile tulitazama kama kawaida, na unga ulikuwa palepale. Kumbuka hilo. Mimi nililisahau kwa makusudi.

Kesho yake ulikwenda shule. Mimi nikabaki nyumbani na ile alama, na mkono wa fundi ukaanza kuwasha. Kioo ninachokijua mimi ni cha saluni na cha kunyolea: rangi yake iko nyuma, mbele ni kioo kitupu, unaweza kukisugua mpaka uchoke. Nikaenda jikoni. Bibi yako alikuwa akisugua sufuria zake kwa majivu na maji mpaka jirani anajiangalia humo anafunga kitambaa, na katika nyumba yetu hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo. Nikachekecha majivu kwa kitambaa cha chai mpaka yakawa laini kama poda. Nikayalowesha. Nikasugua kioo cha darubini, taratibu, kwa upendo, nikizungusha mkono kama bibi yako alivyonifundisha. Nilikuwa naimba.

Sikujua kwamba kioo cha darubini rangi yake iko mbele. Ni utando wa alumini mwembamba kuliko utando wa kitunguu, umewekwa juu ili mwanga usipite kwenye kioo kabisa. Na majivu yenye maji hula alumini. Sufuria ya bibi yako ina alumini ya kulisha majivu miaka thelathini. Kioo kilikuwa na ya kulisha dakika tano. Nilipokisuuza, katikati niliona kiganja changu upande wa pili.

Nikakirudisha ndani ya bomba. Nikakaza skrubu tatu. Nikanawa mikono. Ningeweza kukungoja mlangoni nikwambie. Badala yake nikaenda sokoni, nikachelewa kurudi.

Jioni ile alikuja Mwalimu Bonifasi, jirani yetu, kuutazama mwezi kwa mara ya kwanza, kwa kuwa nilimtambia wiki nzima. Akachungulia.

"Fundi, mwezi wenyewe unaumwa? Naona maziwa tu."

Wewe ukachungulia. Ukageuza darubini kusini, ukatafuta unga, ukatafuta tena. "Baba, haupo."

"Imeharibika?" Mwalimu akauliza. "Nani kaiharibu?"

Nikasema, "Mtoto alikigusa kioo."

Maneno matatu. Nimeyahesabu mara nyingi. Kila moja ni la kweli, na ukiyapanga hivyo yanakuwa uongo. Mwalimu akasema, "Ah, watoto," akacheka, akakushika kichwa. Wewe hukulia. Nilitegemea ulie, nikubembeleze, labda katika kubembeleza ningeropoka. Ulichofanya ni kuitoa mikono yako kwenye lile bomba na kuiweka nyuma ya mgongo, mkono mmoja umeshika mwingine.

Na hapo ndipo ilipobaki. Nilipopata kioo kipya miaka mitatu baadaye, ulikuja kutazama, umesimama hivyohivyo. Nikasema, "Sogeza wewe, iko kulia kidogo." Ukasema, "Hapana baba, weka wewe." Kila usiku, weka wewe. Halafu ukaacha kuja. Mama yako akasema umekua, wasichana wakikua hawakai nje na baba zao wakihesabu nyota. Nikakubali haraka sana. Ulipofika sekondari, mwalimu wako wa kemia alinieleza kwamba unajua majibu yote lakini kwenye vitendo unamwachia mwenzako ashike vyombo. Nikasema, "Ni mpole tu huyo." Nilipotoka pale nilisukuma baiskeli mpaka nyumbani. Sikuweza kuipanda.

Kile kioo kipya nacho kina habari yake. Nilikipata kupitia Papa Dieudonné, yule Mkongo wa kambi ya Nyarugusu aliyekuwa akitengeneza jenereta za watu wa misaada, ambaye shemeji yake alikuwa akisafiri nchi za nje kununua vifaa. Nilimpelekea kioo cha zamani apate vipimo. Akakigeuza kwenye jua, akapiga mluzi.

"Eh, papa. Balikiosha na nini hii?"

"Kuna mtoto alikigusa kwa kidole," nikamwambia. Hata kwake.

"Kidole?" Akacheka mpaka akakaa. "Kidole ni ya bure, papa. Unatia kidole kumi, nyota zinaonekana tu. Ule mwenye alisafisha, njo aliua hii miroir, hii kioo. Ni nani alisafisha?"

Nikamwambia, "Fundi mmoja."

"Fundi wa wapi?"

"Wa Heru Juu huko."

"Bon. Huyo fundi, usimupatie kitu yako tena."

Kwa hiyo tangu siku ile sikuwa na hata kisingizio cha kutojua. Alama ya kidole chako haikuondoa nyota hata moja. Ningeweza kurudi nyumbani nikwambie siku hiyohiyo. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, uko uani unaanika maharage, na nilikupita. Nilijiambia umeshasahau. Nikajiambia ni kioo tu. Nilijiambia pia kwamba baba akijishusha kwa mtoto, mtoto anapotea. Hili la mwisho nililisikia kwa wanaume wengi, na sijamwona hata mmoja wao ambaye mtoto wake anamtafuta akiwa na shida.

Wiki iliyopita ulikuwa jikoni na mama yako. Mlikuwa mnaongea habari za chuo, kwamba utasomea maabara ya hospitali, utashika hadubini na damu za watu. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha natafuta spana. Ukamuuliza, kwa sauti ya chini, "Na nikiharibu?" Mama yako akasema hutaharibu. Mimi nilijua hilo swali lilizaliwa lini, na nilijua baba yake ni nani.

Utaharibu, Editha. Utavunja vioo vidogo, utamwaga dawa, kuna siku utafokewa mbele ya wenzako. Hilo ni la kila anayeshika vitu. Lakini hukuharibu kioo kile. Mikono yako haina kosa. Ilikuwa mikono ya mtu aliyetaka kujua kama kitu ni cha baridi, na kazi unayokwenda kuisomea inawahitaji watu wa aina hiyo hasa. Nisamehe. Si lazima iwe kesho.

Kuhusu chombo chenyewe, nitasema machache, maana yamenigharimu. Lenzi ndogo za kuchungulia zimo mbili. Anza na ile nene inayokuza kidogo, siku zote, hata ukiwa na haraka ya kuona kikubwa. Ile nyingine ni ya Zohali na mwezi, na kuna usiku ambao hewa inachemka nayo haifai kitu, usilazimishe. Itoe nje darubini saa nzima kabla ya kutazama, ipoe iwe sawa na hewa, la sivyo utaona kila kitu kinaogelea. Taa za mji zitakunyima vitu hafifu, lakini mwezi na Zohali na miezi minne ya Mshtarii haviogopi taa. Jua usilielekezee kamwe, hata kwa utani, hata sekunde. Hiyo peke yake ndiyo amri.

Vumbi likiingia, liache. Litaingia. Nimeishi na vumbi la Kasulu kwenye kioo hiki kwa miaka na halijanipokonya kitu. Likizidi kabisa, maji safi yatiririke juu yake, kikauke chenyewe. Vyombo vingi, nimegundua, vinauawa na watu waliotaka vionekane visafi.

Msimu huu unga wetu haupo jioni, na moshi wa mashamba umejaa. Utarudi mvua zikiisha. Mwezi wa sita, kama utakuwa na nafasi ya kutoka nje ya mji, utafute kusini, kisha uangalie pembeni.

Hii barua nitaiweka mezani, na juu yake nitaweka kioo kipya. Nimekitoa kwenye bomba sasa hivi, kimelala kwenye kitambaa, uso juu. Bisibisi iko pembeni na skrubu tatu ziko kwenye kifuniko cha chai. Ukishasoma, weka kidole gumba chako juu yake, popote unapotaka. Kiguse vizuri, ujue kama ni cha baridi. Halafu kirudishe mwenyewe, ukaze mwenyewe, ufunge sanduku. Ukikikaza kikakaa upande, utajifunza kukinyoosha ukiwa Mwanza, kama nilivyojifunza mimi, kwa kukosea.

Na kama hutaki, kiache mezani ulivyokikuta. Sitauliza, na mama yako nitamwambia sanduku lilikuwa zito. Hapana. Nitamwambia ukweli. Naanza na yeye kesho, na jioni nitamfuata Mwalimu Bonifasi.

Bodaboda atakuja saa kumi na moja alfajiri. Mimi nitakuwa uani karibu na begi lako, mikono yangu nyuma ya mgongo, nasikiliza kama kuna bisibisi inayozunguka.

Baba yako